Amemkosea Nani Apandaye Mwamba?

Mtu akifika Wyoming mwezi wa Juni, akajifunga kamba, akaupanda ule mwamba ambao ramani za serikali zinauita Devils Tower, yaani Mnara wa Shetani, akafika kileleni na kushuka salama kabla ya magharibi, mwamba haupungui kitu. Hakukata mti, hakuacha takataka. Sheria haimkatazi. Amelipa kiingilio kama wengine na amejiandikisha kwa askari wa hifadhi kama inavyotakiwa. Hata hivyo Walakota, Wacheyenne, Wakiowa, Wacrow, Waarapaho na wenzao, makabila zaidi ya 20 ya wenyeji wa asili, watasema kuna jambo limevunjwa pale. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilifikiria hilo: kitu chaweza kuvunjwa bila kuharibika?

Mimi si mwanachuoni. Ni Mdigo wa Kwale, Mwislamu, na riziki yangu naipata kwa kuendesha lori kutoka Sioux Falls kwenda magharibi kwa barabara ya I-90. Barabara hiyo inapita kando ya Badlands, ikapanda ukingoni mwa milima ya Black Hills, ikaingia Wyoming na kuupita mji mdogo wa Sundance. Sheria inatuwekea madereva ukomo wa saa za kazi, na ukitaka hesabu ya wiki ianze upya unapumzika saa 34 mfululizo. Wenzangu wengi huzilala. Mimi nilianza kuzitumia kuuliza habari za nchi ninayoipita usiku na mchana, na ndivyo nilivyozijua hifadhi zake. Juni iliyopita nikawachukua mke wangu na watoto kwa gari letu dogo, tukaenda kwa utulivu, bila mzigo wa mtu nyuma yetu.

Tuliingia kwanza Wind Cave, hifadhi ya taifa tangu 1903. Pale chini pana tundu dogo la asili la kuingilia pangoni, mtoto tu ndiye angepenya bila taabu. Hewa hutoka au huingia kwa nguvu kufuatana na mgandamizo wa hewa huko nje. Walakota husimulia kwamba hapo ndipo wahenga wao walipotokea kuja juu ya nchi. Baisani walikuwa karibu kumalizwa kwa bunduki katika karne ya 19, na mwaka 1913 hifadhi ilirudishiwa 14 kutoka bustani ya wanyama ya New York. Nilimwambia mke wangu kwamba hilo moja lingetosha kumfanya mtu akae chini afikiri: mnyama wa nyika hizi kurudishwa kwao kwa treni kutoka mjini.

Ila safari ilikuwa ya ule mwamba. Walakota wanauita Mato Tipila, makao ya dubu. Umesimama peke yake, mita 264 kutoka kitako chake hadi juu, na mwili wake wote ni nguzo za mawe zilizobanana, nyingi zenye pembe tano au sita, zikipanda moja kwa moja. Wanajiolojia wanasema ni mawe yaliyoyeyuka yakapoa chini ya ardhi miaka takriban milioni 50 iliyopita, kisha udongo laini uliouzunguka ukachukuliwa na mvua na mto Belle Fourche. Wakiowa wanasema wasichana walikimbizwa na dubu, wakaliomba jiwe, jiwe likawainua, na dubu akabaki akilikwaruza kwa kucha. Ile mistari ndiyo alama zake. Wasichana wakawa nyota. Wako wanaosimulia kuwa ni Kilimia, nyota zilezile ambazo wakulima wa pwani yetu walizitazama kupanga msimu.

Njia ya kuuzunguka ina kama kilomita mbili, ndani ya misonobari. Si mbali na mwanzo wake binti yangu alisimama. Kwenye matawi palikuwa na vitambaa vimefungwa, vyekundu, vya njano, vingine vimechujuka rangi kabisa, na vifurushi vidogo vyenye kitu ndani. Kibao kinaomba usiviguse wala usivipige picha, kwa kuwa ni dua za watu. Kwa mtoto wa Kwale mambo hayo hayana ugeni. Nilihisi kama nimesimama kwetu.

Kwetu tuna kaya. Ni misitu ambamo wazee wa Mijikenda waliishi ndani ya maboma na kuzika wafu wao. Baadhi yake ziliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Ukiingia Kaya Kinondo, karibu na Diani, unafungwa shuka jeusi kiunoni, na huruhusiwi kutoka hata na kijiti kilichoanguka chenyewe. Babu yangu mzaa mama hakuwa akikosa swala ya jamaa. Msikiti ulikuwa upande mmoja wa maisha yake na kaya upande wa pili, na mashekhe vijana waliorudi na elimu mpya walimjia kumwambia kwamba kuuheshimu msitu ni shirki. Aliwasikiliza. Akawajibu kwamba yeye haabudu mti, ila haoni sababu ya kuukata.

Nilipokuwa kijana jibu hilo nililiona dogo. Nilitaka babu achague. Leo naona kwamba lilikuwa limebeba elimu ambayo wale vijana walikuwa nayo vitabuni lakini hawakuifikisha hadi msituni. Maana sisi wenyewe, watu wa tauhidi, tuna ardhi tuliyoharamishiwa. Ndani ya mipaka ya Haram ya Makka mti wa porini haukatwi, mnyama wa porini hawindwi wala hafukuzwi alipotulia. Nabii Musa alipousogelea moto aliamrishwa avue viatu, kwa sababu ya bonde alilokanyaga. Hapakuwa na sanamu pale, hapakuwa na jengo. Palikuwa na ardhi, na mtu aliyetakiwa kuacha jambo ambalo kwingine ni halali. Viatu vya Musa visingelichubua lile bonde. Basi dini yangu yenyewe inakiri kwamba heshima ya mahali hupimwa kwa yale ambayo mwanadamu anayaacha, hata kama angeyafanya pasingebaki alama.

Hapo ndipo sheria ya hifadhi za Marekani inapofika mwisho wa uwezo wake. Sheria ya 1916 iliyounda idara ya hifadhi inaagiza mandhari, wanyama na mabaki ya historia vitunzwe, watu wavifurahie, na vikabidhiwe kwa vizazi vijavyo bila kudhuriwa. Ni sheria njema, na naitakia kheri. Lakini macho yake ni ya mkaguzi. Inauliza kimeharibika nini, na mwamba ukiwa mzima inaridhika.

Tena historia ya pale haikuanza kwa heshima. Jina la shetani lilitoka katika msafara wa Kanali Richard Dodge mwaka 1875, uliokuja kutafuta habari za dhahabu katika nchi ambayo mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliitambua kuwa ya wenyeji. Mahali watu wanapofunga ili waonyeshwe njia pakapewa jina la ibilisi. Wamisionari waliofika pwani yetu walisema hayohayo juu ya misitu ya wazee, na Waislamu baadhi yetu tukaitikia. Mwaka 1883 serikali ya Marekani ikaiharamisha Ngoma ya Jua, ibada kubwa ya kiangazi. Miaka 10 baadaye, tarehe 4 Julai 1893, mbele ya umati uliokuja kusherehekea, William Rogers aliupanda mwamba kwa ngazi ya vigingi vya mbao vilivyopigiliwa kwenye ufa. Mabaki ya ngazi hiyo bado yanaonekana. Nimeziweka tarehe hizo mbili pamoja kwa makusudi. Mwenyeji alikatazwa kuomba, mgeni akashangiliwa kwa kupanda. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt akautangaza kuwa kumbukumbu ya kwanza ya taifa, na mwaka 1941 mtu akajirusha kwa mwavuli kutoka kwenye ndege, akatua juu, akakaa huko siku sita kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumteremsha. Watu wengi wanaufahamu mwamba kwa habari hiyo ya mwavuli. Mimi naiona ndogo kuliko kitambaa kimoja.

Sheria ya kulinda uhuru wa dini za wenyeji ilipitishwa mwaka 1978. Kisha, mwaka 1995, baada ya mashauriano kati ya makabila, wapandaji na hifadhi, ukatoka mpango wa kuwaomba wapandaji wauache mwamba mwezi mzima wa Juni, wakati wa ibada za kiangazi. Hifadhi ilitaka pia kuwanyima leseni za mwezi huo wanaowaongoza wapandaji kwa malipo. Wengine wakashtaki, wakidai serikali inaitukuza dini, jambo ambalo katiba inalikataza. Jaji William Downes akalizuia katazo hilo la leseni mwaka 1996; mwaka 1998 akaliacha ombi lisimame, maana ombi halimlazimishi mtu. Katika miaka ya mwanzo idadi ya wapandaji wa Juni ilishuka kwa zaidi ya robo tatu.

Nasema wazi kwamba jaji alipatia, ijapokuwa moyo wangu uko na wenye vitambaa. Nimekulia pwani, ambako jirani Mkristo hujizuia kula barazani mchana wa Ramadhani bila kuambiwa, na heshima yake hiyo huipendeza nyumba yote. Nako Zanzibar watu wamekamatwa na polisi kwa kula hadharani mwezi huohuo. Sijapata kuona funga yangu ikiongezeka thamani kwa sababu mtu mwingine yuko rumande. Kujizuia kunakotokana na pingu kunamstahi mwenye pingu. Anayejizuia kwa hiari, na kamba anayo, na nguvu anazo, na kibali anacho, huyo ndiye anayemstahi mwenye ibada.

Pale mahali pa kuegesha magari nilizungumza na mpandaji mmoja, kijana mpole, akikunja kamba zake. Nilimuuliza kwa adabu kama aliliona ombi. Alisema ameliona, na kwamba kwake kupanda ndiko kusali. Huko juu ndiko anakomkaribia Muumba kuliko kanisa lolote. Sikumdharau. Naamini alisema kweli. Lakini ibada yake ina miezi kumi na mmoja katika mwaka na miamba isiyohesabika katika nchi hii, na ya wenzake ina mwamba huu. Tena mtu anayefunga pale kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, akiinua macho, anakutana na mwenzake ananing'inia akipiga kelele za furaha. Hapo ndipo nilipolipata jibu la swali langu, kwa kadiri nilivyojaliwa. Kinachovunjwa si jiwe. Kinavunjwa kile kilicho kati ya watu na jiwe: miadi iliyorithiwa, inayohitaji watu wawepo na wengine wakae kando. Kitu hicho hakina uzito wala urefu, kwa hiyo mkaguzi hakioni. Na sisi tunaosali tukiuelekea mji ambao wengi wetu hatujauona tunajua kwamba kipo.

Anayetaka ushahidi wa nje ya moyo autazame uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1980. Majaji wanane kwa mmoja walikubali kwamba Black Hills zilichukuliwa bila fidia ya haki, wakathibitisha dola milioni 17.1 pamoja na riba tangu 1877, jumla zaidi ya milioni 100. Walakota wakazikataa. Fedha hizo zimebaki hazina zikizaa, sasa zimepita dola bilioni moja, nao bado hawazitaki; wanataka milima. Nimepita Pine Ridge, wanakokaa Walakota. Ni mojawapo ya sehemu maskini kuliko zote katika nchi hii, nyumba zimechakaa, kazi hakuna. Watu wenye dhiki ya namna ile wakikataa mali ya namna hiyo kizazi baada ya kizazi, sidhani kama inabaki nafasi ya kusema kwamba utakatifu wa ardhi ni hadithi ya watalii.

Mwaka 2014 Arvol Looking Horse, mlinzi wa kiko kitakatifu cha Walakota, aliomba rasmi jina la mwamba libadilishwe liwe Bear Lodge, yaani Makao ya Dubu. Wanasiasa wa Wyoming wakapinga, na jina liko palepale.

Tukiwa njiani kurudi, binti yangu aliuliza: kama ni patakatifu, mbona Juni tu? Nilimweleza kwamba Juni ilipatikana mezani, kati ya waliotaka mwamba usipandwe kabisa na waliotaka upandwe siku zote, na kwamba wazee wengi waliomba zaidi ya walichopewa. Hakuridhika, nami sioni kwa nini angeridhika. Vile vitambaa havifunguliwi tarehe 30 Juni. Hifadhi ikikaribisha tena maoni ya wananchi juu ya mpango wa upandaji, nitaandika kwamba napenda libaki ombi, bila askari na bila faini, ila liwe la miezi 12.