Kushinda na Kushindwa katika Sataranji

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wa Kiplombe, pembezoni mwa mji wa Eldoret, kama mtu mwenye kushindwa mara nyingi katika sataranji yampasa auwache mchezo huo. Suali hili laonekana dogo, walakini ndani yake mna jambo kubwa: je, kushinda ndiko kunakoonyesha thamani ya mtu?

Khabari ya sharia tutaipitia kwa ufupi. Maimamu Abu Hanifa, Malik na Ahmad walikuwa wakali juu ya mchezo huu. Imamu Shafii, ambaye wengi wenu wa pwani mwamfuata, aliuchukia bila ya kuuharamisha, madhali hamna rahani wala haumpitishi mtu Sala. Penye kuwekeana fedha ni kamari, na hapo hapana tena la kuzungumza.

Sataranji haina dadu. Kila mmoja huanza na kete 16, na kete zote zi wazi mbele ya macho ya wote wawili. Kwa hivyo mwenye kushindwa hana wa kumlaumu. Hawezi kusema mvua ilinyesha au mwamuzi alipendelea. Ndiyo sababu yauma sana, na nyinyi mnaocheza bao barazani mwayajua maumivu hayo. Lakini mshindi naye mara nyingi hakushinda kwa akili zake tu, bali kwa kosa la mwenzake. Huinuka akaenda zake asijue udhaifu wake u wapi, na aliyeshindwa ameshaonyeshwa wake, tena bila ya kulipa ada.

Na hesabu ya ushindi yadanganya. Atakaye kushinda kila siku, na achague wanyonge! Profesa Arpad Elo wa Marekani alitunga hesabu ya kupima wachezaji, ambayo FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, liliikubali mwaka 1970. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyemzidi mwenzake pointi 400 hutarajiwa kupata kama 10 katika michezo 11. Basi akimshinda huongezewa kidogo mno, na akishindwa naye hupunguziwa mara 10 ya hicho kidogo.

Ubaya mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwa watazamaji. Yasimuliwa kwamba khalifa al-Muktafi, aliyetawala Baghdad kuanzia 902 hata 908, alikuwa na mchezaji ampendaye, al-Mawardi. Alipokuja as-Suli akamshinda, khalifa alimgeukia kipenzi chake kwa maneno ya dharau. Mtu yule yule, na elimu ile ile aliyokuwa nayo asubuhi. Kilichobadilika ni mchezo mmoja.

Tazameni sasa khabari iliyopokewa na Bukhari kwa Anas. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na ngamia aitwaye al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Akaja bedui juu ya ngamia kijana akampita. Masahaba wakaona uzito. Mtume hakumtweza ngamia wake wala hakumwonea choyo yule bedui. Aliwajulisha kuwa hapana kitu kinachopanda duniani illa Mwenyezi Mungu hukishusha.

Huku kwetu, penye wakimbiaji, jambo hili halihitaji tafsiri. Eliud Kipchoge, afanyaye mazoezi Kaptagat, alishinda marathoni 10 mfululizo, kisha London mwaka 2020 akawa wa 8. Mwaka 2022 aliweka rekodi ya dunia Berlin kwa saa 2:01:09. Mwaka wa pili wake Kelvin Kiptum akaivunja kule Chicago. Ni nani mwenye akili atakayesema Kipchoge hakujua kukimbia siku ile ya London?

Vijana wetu tumewajibu wasiuwache mchezo kwa sababu ya kushindwa. Wakiuwacha kwa kuchelea Sala zao au masomo yao, hiyo ni sababu nyingine, nayo ni njema. Tena wafanye kama wafanyavyo wachezaji wakubwa: mchezo ukisha, hawaondoki upesi, bali wote wawili huzirudisha kete mahali pake, wakatafuta pamoja ni wapi lilipoingia kosa.