Mafuta Hayaazimwi Njiani



Wapendwa vijana wenzangu, leo nataka tuongee kuhusu Vespa. Ndiyo, ile skuta. Usikimbie, kwenye Injili tutafika.

Mwaka wangu wa uchungaji niliufanyia Unguja. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza falsafa, kichwa kimejaa Aristotle na Mtakatifu Thoma wa Akwino, mikono haijawahi kushika spana. Siku ya pili Paroko akanikabidhi Vespa ya zamani ya parokia akaniambia, "Frateri, hii ndiyo miguu yako. Itunze, nayo itakutunza."

Kwa Unguja Vespa si kitu cha ajabu. Utaziona Darajani, utaziona Mwanakwerekwe, baba anaendesha, mama kakaa nyuma, mtoto kasimama mbele. Zinatoka Italia, zilianza kutengenezwa mwaka 1946, na kwa Kiitaliano jina hilo maana yake ni nyigu. Sisi tuliosoma Kilatini tulikuwa na utani wetu: vespa ni nyigu, vespera ni jioni, na Masifu ya Jioni ni Vesperae. Utani huu ulikuja kunirudia vibaya, kama mtakavyoona.

Anayeendesha siku za jua tu hajaijua skuta. Iendeshe mwaka mzima ndipo utaijua. Masika, maji yanaingia kwenye kofia ya plagi, chombo kinakohoa na kuzima katikati ya dimbwi. Breki zikilowa hazishiki mpaka uzikaushe kwa kuzibana taratibu huku unakwenda. Magurudumu ni madogo, inchi 10 tu, kwa hiyo shimo ambalo pikipiki kubwa inalipita, wewe unazama. Kiangazi, vumbi linaziba chujio la hewa. Na chumvi ya bahari haina msimu. Usipoiosha skuta kwa maji baridi, kutu inakula bati la kuwekea miguu, tena inaanzia chini, usikokuangalia.

Kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa na nusu saa yangu. Kupima upepo wa matairi, kuangalia waya wa klachi na wa breki kama umeanza kukatika uzi mmoja mmoja, kutoa plagi na kuisugua kaboni, kukaza nati. Na juu ya yote, mafuta.

Hapa niwaeleze kidogo. Pikipiki nyingi za bodaboda oili yake inakaa chini ya injini, unaibadilisha baada ya muda. Vespa ya zamani kama ile haiko hivyo. Oili unaichanganya mwenyewe na petroli, kila unapojaza. Ile yangu ilitaka asilimia mbili, yaani mililita 20 kwa kila lita. Petroli inapopita ndani ya injini inaibeba oili mpaka kwenye pistoni na beringi. Ukijaza petroli tupu, chombo kitawaka vizuri tu. Kitakwenda. Huwezi kuona tofauti. Lakini ndani chuma kinasaga chuma.

Miezi minne ya kwanza nilikuwa mwaminifu, kwa skuta na kwa sala. Kisha kazi zikaongezeka: kwaya, vikao vya VIWAWA, semina, mpira wa vijana. Zote kazi za Mungu, si ndiyo? Masifu ya Asubuhi nikaanza kuyasali kwenye simu huku nakunywa chai. Masifu ya Jioni nikayasogeza mpaka usiku, na usiku nikalala nayo. Nusu saa ya Jumamosi nayo ikamezwa na mazoezi ya kwaya. Sikuamua kuacha chochote. Nilikuwa nasema tu, "kesho."

Sasa, upande wa Tunguu aliishi bibi mmoja, mtu wa bara aliyehamia kisiwani zamani. Kila Alhamisi nilimpelekea Komunyo Takatifu, kwa ruhusa niliyopewa. Wiki moja ya mwezi wa nne hali yake ikabadilika. Jumatatu Paroko akampa Mpako wa Wagonjwa, kisha akasafiri kwenda Dar kwenye mkutano. Alhamisi asubuhi binti yake akanipigia simu: "Frateri, leo njoo mapema. Mama amechoka sana." Nikamwambia saa tisa nitakuwa nimefika.

Jumanne yake nilikuwa nimejaza lita tatu za petroli. Chupa ya oili ilikuwa tupu. Nikajisemea, tankini bado kuna mabaki yaliyochanganywa, nitaongeza kesho. Kesho ikaja, nikazunguka mjini tu, chombo kikaenda vizuri, nikasahau.

Alhamisi kikao kilichelewa kwisha. Nilitoka saa tisa na nusu, Ekaristi Takatifu shingoni kwenye kasha lake dogo, nikavuta mafuta mpaka mwisho ili nifidie muda. Baada ya mwendo kidogo nguvu ikaanza kupungua. Nikasikia mlio kama misumari ndani ya kopo. Ghafla gurudumu la nyuma likakaza, skuta ikayumba kwenye lami iliyolowa. Nikawahi kubana klachi, nikajiburuta mpaka pembeni.

Na hapa kuna jambo linaloniuma zaidi ya yote. Badala ya kuiacha pale na kutafuta usafiri mwingine, nilipoteza karibu saa nzima nikipiga kiki. Nilikuwa naona aibu. Kijana mmoja wa bodaboda, amebeba abiria na gunia, akasimama.

"Vipi kaka?"

"Una oili ya kuchanganya, hata kidogo?"

Akatikisa kichwa. "Pole kaka. Yangu haichanganyi." Hakuwa mchoyo. Alikuwa ameguswa kabisa. Ila alichokuwa nacho hakikuweza kuwa changu.

Mvua ikaanza. Daladala zikapita zimejaa. Nilisimama kando ya barabara na Bwana kifuani, na hata sala sikuiweza, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kutosali.

Nilifika saa kumi na mbili kasoro. Binti yake akanipokea begi, hakunilaumu. Alisema tu, "Alikuulizia, Frateri. Mara mbili. Alisema, 'Frateri kafika?'"

Bibi alikuwa hai, lakini hakuwa na fahamu tena, na kumeza asingeweza. Tulisali Litania ya Watakatifu na Rozari, nikakaa nao mpaka usiku, nikamrudisha Bwana tabernakulo. Kabla ya alfajiri Bibi akafariki. Ile pamba ya safari, chakula ambacho Kanisa linampa mwana wake anapoondoka, nilikuwa nayo mkononi, na nilichelewa.

Baada ya mazishi nikaipeleka Vespa kwa fundi, mzee mmoja Mwislamu ambaye alikuwa akiihudumia parokia. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua injini. Pistoni imechubuka, silinda ina mikwaruzo. Akanitazama. "Mwanangu, chombo hiki hakikufa Alhamisi. Alhamisi kimekuambia tu."

Kisha ikaadhiniwa alasiri. Akanawa mikono, akaniambia nimsubiri, akaenda kuswali. Hakuharakisha na hakuomba radhi. Nikabaki nimekaa juu ya tairi bovu, nikahesabu. Ilikuwa siku ya tisa sijasali Masifu ya Jioni. Vespa nilikuwa nayo. Vesperae nilikuwa nimezipoteza.

Jioni hiyo nikasoma Mathayo 25:1-13, mfano wa wanawali kumi. Naujua tangu utotoni, lakini kuna vitu sikuwahi kuviona. Wote kumi walialikwa. Wote kumi walikuwa na taa. Na wote kumi walisinzia wakalala! Yesu hawalaumu kwa kulala. Tofauti ni moja tu, nayo haikuonekana jioni ile walipotoka: watano walikuwa na mafuta ya akiba. Saa sita ya usiku haikuwafanya wapumbavu. Iliwaonyesha tu walivyokuwa.

Zamani nilikuwa nawaona wale wenye busara kama wachoyo. Kwa nini wasigawe kidogo? Siku hizi namkumbuka yule kijana wa bodaboda. Kuna kitu ambacho hata anayekupenda hawezi kukuazima. Mama yako anaweza kukuombea, lakini hawezi kuwa na imani badala yako. Rafiki hawezi kukukopesha miaka mitatu ya uvumilivu saa ile ndoa inapotikisika. Mtakatifu Augustino aliyaona mafuta yale kuwa ni upendo. Na upendo, vijana, haununuliwi usiku wa manane.

Aristotle anafundisha kwamba mtu anakuwa mwadilifu kwa kutenda ya haki tena na tena. Katika mtihani niliyaeleza vizuri sana, nikapata alama nzuri. Kumbe unaweza kufaulu karatasi ya maadili na injini yako ikawa inasagika.

Lakini ngoja, mtu asije akasema wokovu ni juhudi zetu. Hapana. Oili siitengenezi mimi. Neema ni ya Mungu, inatolewa bure. Kazi yangu ni kufungua tanki. Wala siamini kwamba Mungu alimwacha Bibi kwa sababu ya Vespa yangu. Alikuwa amepokea Mpako siku tatu kabla, na Kristo aliyempokea kila Alhamisi hakuhitaji skuta ili amfuate. Hilo linanipa amani juu yake. Halinifutii wajibu wangu. Nilikwenda kwenye Sakramenti ya Kitubio, nikasamehewa, na bado nalikumbuka swali lake. Nadhani ni vizuri nilikumbuke.

Basi tufanye nini? Sina mambo makubwa, nina yale ya Jumamosi.

Kwanza, chagua sala moja ndogo yenye saa yake na usiisogeze. Dakika kumi zenye saa maalumu ni bora kuliko saa nzima ya "nikipata nafasi". Kila tunapojaza, tunachanganya: kila siku ina kazi yake, na kila siku inataka oili yake. Ya jana haitoshi.

Pili, kila usiku kabla ya kulala tafiti dhamiri yako kama unavyokagua waya wa klachi. Uzi mmoja ukikatika, waya bado unavuta. Hapo ndipo pa kuushughulikia. Usisubiri ukatike wote mlimani.

Tatu, ukiungama, taja na ile kutu ya chini, ile ambayo hakuna anayeiona ukiwa umesimama kwenye kwaya na sare yako safi.

Na kama wewe leo uko kando ya barabara, injini imeshagoma, unapiga kiki kwa aibu ili watu wasijue: iache. Omba msaada. Nenda kwa padre, nenda kwa mlezi, panda chochote kinachopita. Ile saa niliyoipoteza kwa aibu ndiyo ninayoijutia kuliko lita tatu za petroli.

Vespa ilitengenezwa, nikaiendesha mpaka mwisho wa mwaka wangu. Chupa ya oili ilikaa imejaa chini ya kiti. Na jioni, kabla ya kuifunika, nilisali Masifu nimesimama pembeni yake, mikono bado inanuka petroli.

Tuombe: Ee Bwana, Wewe unayekuja saa tusiyoitazamia, tujalie uaminifu wa siku za kawaida, siku ambazo hakuna anayetuona na chombo kinaonekana kizima. Jaza taa zetu upendo wako, ili watu wako wakituulizia watukute tumefika. Amina.

Muwe na wiki njema, na mniombee.

Frateri wenu