Ubao Mmoja kwa Mtoto na Bibi

Mjukuu wangu,

Umeniambia unataka kubuni mchezo wa gololi wa kuchezwa mezani, uwafae watu wa rika zote, nawe uutengeneze kwa mikono yako na kuuuza. Nia ni njema na nakuunga mkono. Ila hayo maneno "rika zote" umeyatamka kwa wepesi, na kazi yote imo humo. Mbao utapata, gololi zimejaa madukani, kukata na kuunga umekwisha kujifunza. Kumkalisha mtoto wa miaka sita mbele ya bibi yake wa miaka sabini, wote wawili wakautaka ushindi na wote wawili wakawa na uwezo wa kuupata, hilo halipatikani kwa msumeno.

Tazama michezo tuliyonayo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na halina bahati hata chembe. Ndiyo maana bao lina mabingwa, na ndiyo maana mtoto wa miaka sita hamfungi bingwa mpaka bingwa ajifanye hakuona. Mtoto si mjinga. Akiachiwa anajua, na ushindi wa kuachiwa unamuudhi kuliko kufungwa. Upande wa pili kuna nyoka na ngazi. Hapo mtoto anamshinda yeyote, kwa kuwa hakuna anayeamua lolote: dadu inacheza, watu wanasogeza. Mtu mzima ataucheza mara moja kumridhisha mtoto, mara ya pili atakumbuka ana sufuria jikoni. Wewe simama katikati. Bahati iwepo, tena ionekane kwa macho, lakini uamuzi abaki nao mchezaji. Ukilishika hilo, mengine yote ni vipimo tu.

Wala usihangaike kutafuta jambo ambalo halijapata kuonekana duniani. Miaka ya 1880 daktari mpasuaji wa Boston, George Howard Monks, alibuni Halma, mchezo wa kurukiana kwenye ubao wa mraba. Mwaka 1892 kampuni ya Ravensburger ya Ujerumani ikautoa mchezo huohuo kwenye ubao wa nyota ya ncha sita. Kuruka ni kulekule, kilichobadilika ni umbo, na umbo hilo likawapa nafasi watu watatu, hata sita, kucheza pamoja. Au chukua Abalone, waliyoibuni Michel Lalet na Laurent Lévi wa Ufaransa mwaka 1987. Kila upande una gololi 14, ubao una nafasi 61, na sheria ni kwamba walio wengi kwenye mstari huwasukuma walio wachache. Atakayezitoa nje gololi sita za mwenzake ameshinda. Sheria hiyo unaweza kumweleza mgeni kabla hajavua viatu.

Mimi nakushauri uchukue ubao wa misumari. Ni mchezo wa zamani, usije ukasema umeubuni wewe. Ulaya waliucheza kwa jina la bagatelle, na mwaka 1871 Montague Redgrave alipata hataza huko Marekani ya ubao wa aina hiyo wenye springi ya kufyatulia mpira. Mashine za pinball zimetokana na huo. Lakini springi inataka mkono mwepesi, na bibi yako vidole vinamtetemeka asubuhi za baridi. Hata kufyatua kwa kidole, kama watoto wanavyocheza chini, kunampendelea kijana. Tuache yote hayo. Ubao uinuliwe nyuma kwa mguu, gololi iachiwe juu, ishuke yenyewe. Kuachia hakuna mkubwa wala mdogo.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa utahitaji rula.

Kata sentimita 30 za mbao ya inchi sita. Pigilia kingo pembeni, ndani ubakiwe na upana wa milimita 125. Hizo zigawe sehemu tano za milimita 25, na chini kabisa ujenge vyumba vitano kwa vipande vyembamba vya mbao, kina chake milimita 64. Gololi ya kawaida ya dukani ina kipenyo cha milimita 16, kwa hiyo kila chumba kitabeba gololi nne. Juu yake ziende safu nne za misumari, kila safu imeachana na nyingine milimita 22. Safu ya kwanza kutoka juu ina misumari mitatu, iliyokaa sawa na katikati ya chumba cha pili, cha tatu na cha nne. Safu ya pili ina minne, sawa na mipaka ya vyumba. Ya tatu inarudia ya kwanza, ya nne inarudia ya pili. Jumla misumari 14. Juu ya misumari mitatu ya mwanzo weka milango mitatu, na mchezaji achague mlango wa kuachilia gololi yake.

Utataka kuongeza msumari karibu na ukuta ili ubao upendeze. Usiongeze. Msumari ukikaa milimita 12 na nusu kutoka ukutani, gololi ya milimita 16 haipiti kati yao, inatua hapo na kukwama, na mchezo unaosimama ili mtu achokonoe gololi kwa kijiti hauchezwi mara ya tatu. Angalia pia urefu wa msumari juu ya ubao. Kiuno cha gololi kiko milimita 8 kutoka chini, kwa hiyo acha msumari usimame 12. Ukiuzamisha chini ya 8, gololi itaupanda na kuuruka.

Kwa nini milango mitatu na safu nne? Ukiachilia gololi mlango wa kati, kila safu inaipeleka kushoto au kulia. Kila safu inazidisha njia mara mbili, kwa safu nne njia ni 16. Sita kati yake zinaishia chumba cha kati, nne nne kwenye vyumba vinavyofuata, na moja moja tu kwenye vyumba vya mwisho. Mwingereza Francis Galton alitengeneza ubao wa kuonyesha jambo hilihili katika miaka ya 1870. Lakini ukiachilia mlango wa pembeni, hesabu inageuka, kwa sababu ya ule msumari usioupigilia: gololi ikishafika ukingoni haina cha kuirudisha. Njia sita sasa zinaishia chumba cha mwisho cha upande huo, tano chumba cha pili, nne cha kati, na moja cha nne. Chumba cha mwisho cha upande wa pili haifiki kabisa. Mbao na misumari ya kweli haitafuata hesabu hii sawasawa, kwani gololi hurukaruka, lakini ukiachilia mara nyingi utauona mwelekeo wake.

Mtoto hajui kugawa kwa 16, wala hahitaji. Baada ya michezo michache mkono wake unajua kwamba mlango wa kulia hupeleka kulia. Bibi anajua zaidi: anakumbuka kipi kimejaa, anajua afadhali amzibie mwenzake au ajaze chake. Halafu misumari inaamua kiasi, mbele ya macho ya wote, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Hiyo ndiyo bahati nzuri. Dadu ikishatua imekwisha, lakini gololi inayoshuka kati ya misumari inawapa watu muda wa kuinuka vitini.

Sheria zenyewe ziwe hizi. Kila mmoja ana gololi saba za rangi yake, mnaachilia kwa zamu. Chumba ni cha mwenye gololi nyingi ndani yake. Mkilingana, ni cha aliyetangulia kuingia, na hilo halina ubishi kwa kuwa gololi yake iko chini kabisa. Gololi ikikuta chumba kimejaa, imepotea. Zikiisha, mwenye vyumba vingi ameshinda. Wakiwa watu wanne, wagawane wawili wawili, na heri mtoto akae upande mmoja na mzee.

Nenda dukani na kipimo. Gololi za bei nafuu hazilingani. Kwenye kipande cha mbao kilichobaki toboa matundu mawili, la milimita 17 na la milimita 15. Inayokwama kwenye la kwanza ni kubwa mno, inayopita kwenye la pili ni ndogo mno, zote mbili ziweke kando. Gololi za chuma za beringi usizichanganye na za kioo, kwa kuwa chuma ni kizito mara tatu na kitazimega nyenzake.

Kila mchezaji mpe kibao kidogo chenye vishimo saba vya kuwekea gololi zake, ili zisibiringike mezani na ili kila mtu aone zimebaki ngapi. Hapa fundi anajulikana. Ukitoboa tundu la upana wa milimita 10, gololi huzama chini ya milimita 2, na meza ikiguswa tu inatoka. Ukitoboa la 14, huzama zaidi ya 4, imetulia kweli, lakini vidole vilivyokakamaa vinapata tabu kuinasa. La 12 huizamisha karibu milimita 3. Toboa la 12, kisha lainisha mdomo wa tundu kwa msasa mpaka ukipitisha kidole gumba usihisi ukingo.

Rangi usichukue nyekundu na kijani. Wapo watu, wanaume hasa, ambao macho yao hayazitofautishi, na wengi wao hawasemi. Bluu na njano karibu kila mtu anazitofautisha, hata jioni kwenye taa hafifu.

Na ukisema rika zote, toa hapo mtoto wa chini ya miaka mitatu. Umri huo kila kitu kinakwenda mdomoni, na gololi inaziba koo. Sheria za Marekani haziruhusu mpira wowote wa kipenyo cha chini ya milimita 44.4 kwenye vitu vya kuchezea vya watoto wa umri huo, na gololi yako ni ya 16. Andika onyo juu ya boksi kwa herufi kubwa, tena kwa Kiswahili. Uweke na kifuko chenye kamba, ili zikihesabiwa baada ya mchezo ijulikane kama kuna iliyodondoka chini.

Bei na boksi la kuvutia utajifunza sokoni, sina la kukuongezea.

La kujaribu ndilo ninalo. Usimjaribie mchezo rafiki yako, atakusifu. Upeleke kwenye nyumba yenye mtoto na mzee, weka mezani, soma sheria mara moja, kisha nyamaza. Utatamani kusaidia, jizuie. Tazama mikono. Mtu akiuliza milango ni ipi, usiongeze sentensi kwenye karatasi, chonga alama kwenye ubao. Akiugeuza ubao juu chini, kosa si lake, umbo lako halijamwambia upande wa kuukalia. Karatasi ya sheria ikizidi kiganja cha mkono, rudi karakana.

Wazee usiwaulize kama wameupenda. Kwa adabu watakwambia ni mzuri. Mwombe bibi amfundishe mtu mwingine aliyeingia sasa hivi, nawe usikilize. Sheria anayoisahau bibi akifundisha, mara nyingi mchezo hauihitaji. Anayoieleza mara mbili ndiyo inayochanganya. Na anayoibuni yeye mwenyewe hapohapo, iandike, huenda ikawa bora kuliko yako.

Mtoto naye mpime kwa namna nyingine: akishindwa, je, anarudisha gololi kwenye vishimo ili waanze tena, au anashuka kitini? Akishuka kitini baada ya kushindwa mara moja tu, mchezo ni mrefu mno, punguza gololi ziwe tano. Bibi akianza kuachilia bila kutazama ubao, bahati imezidi, laza ubao kidogo. Mteremko ndio usukani wako: ukiinua nyuma sentimita 3, gololi hutembea, ukiinua 6, hukimbia na kudundadunda kwenye misumari. Kabla hujaufunga mguu wa nyuma, weka vitabu chini yake, uongeze na kupunguza mpaka uridhike.

Ubao wa kwanza usiupake vanishi, maana utaubomoa. Niletee ukiwa mbichi, na gololi zako 14 na mbili za akiba. Nitamwita bibi yako, na yule mtoto wa jirani wa darasa la kwanza. Wewe kaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, na penseli yako.