Mtepe Haukuzama

Maji yakitoka Paje, kisiwani Unguja, wanawake hushuka pwani kufukua makumbi ya nazi. Yamekaa mchangani miezi kadhaa, yamekandamizwa kwa mawe yasichukuliwe na bahari. Huyaponda mpaka yabaki nyuzi tupu za usumba, kisha huzisokota kamba kwa viganja. Kwa kamba ya namna hiyo chombo kizima kilivuka bahari.

Ni mtepe, chombo cha mizigo cha pwani yetu: mbao zimeshonwa bila msumari, tanga ni mkeka. Ulishuka kutoka Lamu hadi Unguja umesheheni boriti. Periplus, kitabu cha safari za bahari cha karne ya kwanza, tayari kinataja vyombo vya kushonwa pwani hii. Miongo ya mwanzo ya karne ya 20 mtepe ukatoweka.

Chombo cha kuzama hakina usukani, walisema wahenga. Mtepe ulikuwa nao, wala haukuzama. Uliondolewa na unafuu. Ulikuwa ukivuja, mtu hakosi kushika upo akifua maji, na kamba zikichakaa unapandishwa pwani ushonwe upya. Jahazi la misumari halikuwa na usumbufu wote huo. Nani amlaumu baharia aliyelipenda?

Hata hivyo, usumbufu huo ndio ulioufikisha mtepe mbali. Chombo kinachotaka kushonwa tena na tena hakiachi ujuzi ulale: mzee anakaza kamba, kijana anatazama, mwaka mwingine anakaza yeye. Haja ya kushona ilipokwisha, na sababu ya kufundishana ikaisha.

Mwaka 2003 ulijengwa mtepe wa mfano, ukawekwa Beit el-Ajaib, jumba la Unguja alilojenga Sultan Barghash wa Zanzibar mwaka 1883 kwa nguzo za chuma. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, sehemu ya jumba hilo iliporomoka na kuua watu wawili. Chuma nacho kinataka kuangaliwa, ila kinachakaa kimyakimya. Mtepe ulidai haki yake waziwazi, kwa maji yaliyolowesha miguu ya mabaharia.

Basi kudumu si ugumu wa kitu. Kinachodumu kina watu wanaokirudia, tena wanaokirudia kwa sababu wanakihitaji. Sisi tunapenda kuhifadhi kwa kufungia kabatini na kuandika kibao. Tungeuliza kwanza: kikilegea, nani ataona, na nani atakuwa anajua pa kuanzia kushona?