Neno Lisilofanana na Wenzake

Wanafunzi wangu wa Kiingereza huona nawaonea ninapowakata alama kwa neno moja lililokaa vibaya katika orodha. "Mwalimu, si umeelewa lakini?" huniuliza. Hapo huwasimulia kisa cha madereva wa maziwa wa jimbo la Maine, Marekani.

Sheria ya jimbo hilo iliwaondoa kwenye ovataimu watu wa kazi fulani za vyakula vinavyoharibika. Kazi zenyewe zilipangwa hivi: "canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of". Madereva wa Oakhurst Dairy walikuwa wakisambaza maziwa. Kampuni ikashika kwamba usambazaji umo mwishoni mwa orodha, hivyo hawadai kitu. Mwaka 2014 wakaishtaki.

Isome orodha hiyo polepole. Kila kazi inaishia na "-ing", isipokuwa "distribution". Hiyo imefanana na jirani yake, "shipment". Mawakili wa madereva wakasema maneno hayo mawili yote yako chini ya "packing": kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Dereva hafungashi. Tena hakuna koma kabla ya "or". Kampuni nayo haikukosa hoja: kusafirisha na kusambaza ni karibu jambo moja, kwa nini sheria ilitaje mara mbili?

Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Boston ikaona maneno hayo yana utata, na kwa kuwa Maine hutaka sheria za mishahara zifasiriwe kwa kumlinda mfanyakazi, madereva wakashinda. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.

Wengi hukiita kisa cha koma. Mimi naona umbo la neno ndilo lililofungua mlango. Mswahili akiambiwa "kazi yangu ni kulima, kupalilia na uvunaji", sikio lake linajikwaa palepale kwenye "uvunaji". Ila tukiandika Kiingereza sikio hilo tunaliacha nyumbani, tunaandika "She likes reading, to swim and cooking" bila kushtuka. Ndiyo maana nawaambia waandike orodha kwa kwenda chini, kila kipengele mstari wake, waone kipi kimevaa sare tofauti.

Bunge la Maine nalo lilirudi kwenye sentensi yake. Likaweka nukta mkato baada ya kila kazi, likafuta "distribution", likaandika "distributing".