Mtoto Akiacha Masomo, Je, Deni la Baba Limekwisha?



Baba na mama wakiisha kuachana, mtoto hubaki kwa mmoja wao, mara nyingi kwa mama, naye mwingine hutoa feza za kumtunza. Mtoto akiwa mdogo, neno hili halina mashaka. Hakuna atakayesema kwamba mtoto wa miaka 6 ajitafutie chakula mwenyewe. Lakini akifika miaka 16 au 17, akaacha masomo, ugomvi unaanza. Baba asema: «Nilikuwa nikilipa kwa ajili ya masomo. Masomo yamekwisha, nami nimemaliza.» Mama ajibu: «Mbona usiku analala kwangu, na asubuhi anataka kula?» Nani kati yao ana haki? Tutafute jibu kwa akili, si kwa hasira ya huyu wala ya yule.

Kwanza tuangalie nchi moja iliyoweka mpaka wazi. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1991 yaamuru mzazi asiyekaa na mtoto atoe feza za kumtunza. Kiasi chahesabiwa kwa mapato yake: kwa kawaida 12 kwa mia kwa mtoto mmoja, 16 kwa mia kwa watoto wawili. Wajibu huo wadumu mpaka mtoto atimize miaka 16. Waweza kuendelea hata kabla ya kutimiza miaka 20, kama bado yuko katika masomo yasiyopita ngazi ya sekondari, zaidi ya saa 12 kwa juma, au katika mafunzo yaliyokubaliwa. Masomo ya universite hayahesabiwi. Kijana akiacha, malipo ya sheria hukoma.

Tusiidharau sheria hiyo. Karani wa serikali hawezi kuingia katika kila nyumba kupima kama kijana ameiva au hajaiva. Anahitaji alama inayoonekana, na shule ni alama nzuri: mtu ameandikishwa au hakuandikishwa. Tena baba naye ana haki ya kujua kwamba mzigo wake una mwisho. Lakini jiwe la njiani laonyesha mji tu, lenyewe si mji. Vivyo hivyo kuacha masomo ni alama tu. Yatupasa kuuliza alama hiyo yaonyesha nini.

Basi tuulize: deni hili lilizaliwa siku gani? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtoto wa mtu si kama mtoto wa mnyama. Hahitaji chakula cha mwili tu, ahitaji pia kufundishwa roho na akili, na kazi hiyo yataka miaka mingi, nguvu za mama na za baba pamoja. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1797 juu ya sheria na maadili, alitoa sababu nyingine: wazazi wamemleta mtu duniani bila kumwuliza, kwa hiyo wamejifunga kumtunza mpaka aweze kujitegemea. Watu hawa wawili walifikiri kwa njia mbalimbali, lakini wanakutana mahali pamoja. Deni halikuzaliwa siku mtoto alipoandikishwa shuleni. Lilizaliwa pamoja naye. Na linakwisha pale anapoweza kusimama kwa miguu yake.

Kumbe feza hizi si mshahara wa kusoma! Shule ni njia moja ya kumfikisha mtoto ng'ambo. Akiiacha njia hiyo kabla ya kufika, bado yuko katikati ya mto. Sheria ya Ubelgiji yalifuata wazo hili kwa upande mwingine: yasema kwamba kama mafunzo ya mtoto hayajakwisha, wajibu wa wazazi waendelea hata akiisha kuwa mtu mzima. Ufaransa nayo yasema kwamba wajibu haukomi wenyewe kwa sababu tu mtoto amefikia umri wa utu uzima. Nchi hizi zimechagua alama mbalimbali, lakini zote zatafuta jambo lile lile.

Sasa tupambanue, kwa sababu vijana wanaoacha masomo si wa namna moja.

Wa kwanza ameacha akapata kazi yenye mshahara wa kumtosha. Huyu amevuka. Baba akisimamisha malipo, hafanyi kosa, na mama asimdai zaidi.

Wa pili ameacha ili ajifunze ufundi. Katika Uingereza, kijana aliyefunga mkataba wa kujifunza kazi kwa mwajiri huhesabiwa mfanyakazi, naye mzazi hadaiwi tena. Lakini mshahara wa chini uliowekwa na serikali kwa kijana wa namna hiyo ni mdogo kuliko wa mfanyakazi mtu mzima. Anaanza kuvuka, hajafika. Baba mwenye dhamiri asiseme: «Sheria imenifungua.» Aseme: «Mwanangu apata kiasi gani, na apungukiwa kiasi gani?» Kisha ajazilize kwa kadiri awezavyo.

Wa tatu ameacha, hasomi, hafanyi kazi, ashinda barabarani. Huyu ndiye anayetushinda wote. Wengine watasema: «Nikimlisha, nalisha uvivu.» Neno hili lina ukweli ndani yake. Mtu mwenye nguvu asiyetaka kazi hana haki ya kulishwa siku zote. Lakini tuangalie: ukikata feza leo bila neno, uvivu haufi, mzigo wote unahamia kwa mama. Umemwadhibu nani? Heri baba amwite kijana, waseme mbele ya mama: «Nitakusaidia miezi kadha wa kadha, nawe katika miezi hiyo utafute kazi, au ufundi, au urudi masomoni.» Msaada wenye masharti na mwisho unaojulikana ni malezi. Kukata kimya kimya ni kukimbia.

Kuna baba mwingine asemaye: «Nina nyumba nyingine sasa, na watoto wadogo.» Hilo nalo tulisikilize. Hata sheria ya Uingereza hupunguza mapato yanayohesabiwa ikiwa mlipaji anakaa na watoto wengine. Haki hugawa mkate kwa kadiri ya mkate uliopo. Lakini kupunguza si kufuta, na mtoto wa kwanza hakuacha kuwa mtoto siku mdogo wake alipozaliwa.

Katika nchi yetu ya Kongo kuna jambo la kuangalia zaidi. Kwa sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyotengenezwa tena mwaka 2016, mtu hawi mtu mzima kabla ya miaka 18. Tena masomo ya primeri katika shule za serikali yamekuwa ya bure tangu mwaka 2019, lakini kwa sekondari wazazi wengi wanalipa bado. Kwa hiyo ni lazima tuulize: mtoto huyu ameacha masomo, au masomo yamemwacha? Kama baba hakutoa minervali, mtoto akafukuzwa, naye baba akasema: «Hasomi tena, sina deni,» huyo anatumia kosa lake mwenyewe kuwa udhuru. Hakuna mwamuzi wa haki angekubali maneno hayo.

Mama naye ana wajibu wake. Kijana akiisha kuacha masomo, aseme wazi. Kuendelea kupokea feza kwa kusema kwamba bado anasoma ni uongo, hata kama njaa ni ya kweli. Akiwa na haja, aitaje haja yenyewe. Na deni la miezi ya nyuma, ambalo baba hakulipa mtoto alipokuwa bado masomoni, halifi kwa sababu mtoto ameacha. Yule aliyemlisha kwa kukopa bado anadai.

Na wewe kijana, usidhani maneno haya ni ya wazazi peke yao. Mkono unaokushika uvuke wakungoja nawe upige hatua. Ukipata mshahara wa kwanza, hata mdogo, weka sehemu mezani kwa mama. Siku hiyo utaanza kuwa mtu mzima, hata kama hakuna karani aliyeandika.

Basi jibu letu ni hili. Sheria yaweza kuhesabu miaka na saa za darasa, nasi tuitii. Lakini sheria ikisema «basi», dhamiri bado ina swali moja la kuuliza: je, mtoto amesimama? Kama amesimama, shukuru, uende zako kwa amani. Kama bado, usiuachie mkono wake katikati ya mto.