Onyo na Dharau Havikai Kinywa Kimoja

Je, yatupasa kumwonya kila kijana kwa maneno yale yale, au kila mmoja kwa maneno yatakayomfikia? Swali hili laonekana dogo. Lakini tangu sigara za umeme, ambazo vijana huziita vepu, zianze kuonekana mikononi mwa watoto, limekuwa swali la uzima na la dhamiri.

Tulijue kwanza jambo lenyewe. Sigara hiyo haina moto wala majivu. Ni kifaa chenye betri, kinachopasha moto maji ya dawa hata yakawa mvuke, na mvuke huo huvutwa mapafuni. Hunukia embe au peremende, mama asishuku neno. Lakini mara nyingi ndani yake mna nikotini, ile ile ya tumbaku imfungayo mvutaji. Na ubongo wa kijana, ambao waendelea kukomaa hata karibu na umri wa miaka 25, hufungwa upesi kuliko wa mtu mzima. Uganda ilizipiga marufuku kwa sheria yake ya mwaka 2015. Sheria yetu ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Sheria ni njema. Lakini sheria haikai na mtoto chumbani usiku.

Huko Marekani wataalamu wameona mara nyingi kwamba vijana wenye mwelekeo wa jinsia moja, na wale wasiojiona sawa na jinsia waliyozaliwa nayo, huvuta kuliko wenzao. Sababu mojawapo kubwa ni hofu, upweke na kudharauliwa. Wauzaji walilitambua hilo mapema. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya sigara ya R. J. Reynolds ilitunga mpango wa kuwatafuta wateja San Francisco, miongoni mwa wanaume wa mwelekeo huo na maskini wasio na makao. Herufi za kwanza za jina la mpango ule, kwa Kiingereza, zilifanya neno lenye maana ya watu takataka. Ndivyo walivyowaita wale waliotaka fedha zao! Serikali ya nchi hiyo ilianzisha kampeni yake ya kuwakinga vijana hao na tumbaku, iitwayo This Free Life, mwaka 2016. Mwuzaji alitangulia, mwokoaji alifika baada ya miaka kama ishirini.

Msomaji atasema: “Hayo ni ya Marekani. Yatuhusu nini sisi wa Mara?” Basi na tumfikirie kijana wa kidato cha tatu, awe wa Musoma, wa Bunda au wa Butiama. Ajiona tofauti na wenzake, wala hathubutu kumwambia baba, wala mwalimu, wala padre. Shuleni asikia mzaha, nyumbani asikia laana. Wahenga walisema: akufukuzaye hakuambii toka. Mtu mmoja tu ampokea bila kumwuliza neno, naye mkononi ana vepu. Tukimwendea kijana huyo na onyo letu, na ndani ya onyo tumetia tusi, atasikia lipi? Atasikia tusi, kisha atarudi kwa yule aliyempokea.

Wengine wataogopa kwamba kumtafutia kijana huyo maneno yanayomfaa ni kubariki kila atakalolitenda. Sivyo. Mafundisho ya Kanisa juu ya usafi wa moyo yajulikana, wala hatuyapunguzi. Lakini Katekisimu ile ile ya mwaka 1992 yatuagiza kuwapokea watu hao kwa heshima, huruma na upole, na kuepa kila ubaguzi usio wa haki. Tena ni hiyo hiyo ionyayo juu ya matumizi mabaya ya tumbaku. Hatuwezi kusoma ukurasa mmoja na kuuchana mwingine. Bwana wetu alipoketi kisimani pamoja na mwanamke Msamaria, alianza na habari ya maji, kwa sababu mama yule alifuata maji. Habari ya waume watano ilikuja baadaye, wala haikufichwa. Ukweli haukupungua kwa kuanza na upole. Bali ulipata mlango.

Hata hivyo, hatusemi tuige Marekani kwa kila jambo. Bango la kuwaita vijana hao kwa jina, likitundikwa stendi ya Musoma, lisingemwokoa yeyote. Lingemnyoshea kidole mtoto, pengine likamletea kipigo. Kwetu sisi ujumbe unaomfaa kijana huyo hauna budi kuwa mtu: nesi atunzaye siri, mwalimu akemeaye mzaha darasani, katekista asikilizaye kabla ya kuhukumu. Jambo hili si geni mkoani petu. Wasichana wanaokimbia ukeketaji hawakungoja ukoo mzima utubu. Walifunguliwa mlango, Masanga kule Tarime na hata hapa Butiama, wakaupita. Hotuba za uwanjani zina kazi yake, lakini mtoto aliye hatarini atafuta mlango.

Basi, wazazi na walezi wapenzi, tuanze nyumbani. Ukiikuta vepu katika mkoba wa mwanao, usianze na matusi, wala usiseme “watu kama ninyi”. Mwambie kwamba mapafu yake yana thamani machoni pako, kwamba aliyemwuzia hampendi, na kwamba nyumba hii bado ni yake. Kisha mkae, mzungumze, na mkamtafute mganga wa kumsaidia kuacha. Mengine yote mliyo nayo ya kusemezana yatapata siku yake. Lakini mtoto aliyefukuzwa hatakuwapo kuyasikia.